Jibu: Kadi ya picha ninunue sasa au baadaye?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: unaunda kompyuta, pesa haitoshi kwa prosesa nzuri na kadi ya picha (kifaa kinachotengeneza picha za skrini) kwa mkupuo mmoja, na kompyuta hiyohiyo unaitaka kwa gemu na kwa kazi.

Kwanza angalia skrini uliyonayo. Kama ni ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080) na 60 Hz (inaonyesha picha 60 tu kwa sekunde), kadi kubwa itatoa fremu, yaani picha, nyingi ambazo hutaziona.

Mimi ningeanza na prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G. Ina uwezo wa picha ndani yake, kwa hiyo kazi unaanza leo na gemu nyepesi zinacheza. Kadi utaongeza ukijaaliwa. Usichukue 5600 isiyo na G, maana bila kadi haionyeshi kitu. Upande wa Intel, zile zenye F mwishoni ni vilevile.

RAM nunua vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Hapa nasisitiza, kwa sababu picha za ndani ya prosesa zinaazima RAM hiyohiyo, na vipande viwili vikifanya kazi pamoja vina kasi kuliko kimoja. Nimeshaona gemu inayokwamakwama ikitulia kwa kuongezewa kipande cha pili tu.

Pawa saplai usiibanie. Kadi iliyotumika nanunua nikiiona inafanya kazi, lakini pawa saplai ya mtumba sigusi kabisa. W 550 ya kuaminika itakubeba hata kadi ya kati ikija.

Ukipata ubao mama wa B450 (aina ya zamani kidogo ya prosesa za AMD), muulize muuzaji kama BIOS, ile programu ya ubao inayowasha kompyuta, imesasishwa. Toleo la zamani halitambui 5600G, utabaki na skrini nyeusi.

Tuandikie unacheza gemu zipi, tukuchagulie kadi ya baadaye.