Mwanzo 1 na 2 darasani bila kugeuza somo mahubiri

Mwalimu, umeuliza jinsi ya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari ya umma hapa Kenya kuichambua Biblia bila wazazi kudai unavunja imani. Anza na Mwanzo 1 na 2, maana ushahidi uko kwenye ukurasa wenyewe.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha. Gawa karatasi yenye safu mbili: 1:1 hadi 2:3 upande mmoja, 2:4–25 upande wa pili. Kwa dakika 15, wawili wawili, waandike mfuatano wa matukio tu. Wataona: upande wa kwanza wanyama hutangulia, kisha mwanamume na mwanamke pamoja, upande wa pili mtu huumbwa kabla ya bustani na wanyama, na mwanamke mwisho. Halafu wapigie mstari jina la Mungu. Katika Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, "Mungu" hugeuka "BWANA Mungu" kuanzia 2:4. (Sura ya 3 nyoka husema "Mungu" tu, waachie wenye macho makali.)

Wengi huteleza hapa: wanauliza "ipi ni kweli?" na darasa linakuwa mahakama. Uliza "mwandishi anataka tuone nini?" Wapo wanaosema ni masimulizi mawili yaliyounganishwa, wengine kwamba sura ya 2 inafafanua siku ya sita. Andika maoni yote mawili ubaoni, kisha wadai wanafunzi aya zinazounga mkono kila moja.

Usimlazimishe yeyote kuomba. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakataza. Alama zitolewe kwa ushahidi wa aya, si kwa imani ya mwanafunzi.