Mume wangu anataka tulale kando ya maji Mtera, mi naogopa viboko

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Area D hapa Dodoma, nina watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 6. Wifi yangu yuko Marekani na kila wikiendi ananirushia picha wako kwenye lile gari la nyumba kando ya ziwa, kwenye hifadhi ya jimbo, umeme wamechomeka, bomba liko pale pale, watoto wanachoma soseji. Basi mume wangu naye kanunua hema la watu wanne anataka mwezi wa saba twende Mtera tulale kando ya maji. Mi naogopa viboko, yeye anasema nimezidi uoga. Nani yuko sahihi? Mama Junior.

JIBU: Marahaba Mama Junior. Uko sahihi wewe, ila mwenzio naye kutaka kwenda hajakosea, kakosea kwenye hilo la "kando ya maji" tu.

Kwanza achana na picha za wifi. Kule hifadhi ya jimbo ni kambi iliyojengwa, kila eneo lina namba yake, gari linapaki kwenye sehemu iliyosawazishwa, kuna nguzo ya umeme ya ampea 30 au 50, na kuna mahali maalumu pa kumwagia maji machafu ya gari, na mtu unabuku mapema na hifadhi nyingi hawakuachi uzidishe siku 14. Mtera haijatengenezwa ili mtu alale. Lile ni bwawa la umeme, mto Ruaha Mkuu umezibwa pale ili maji yatunzwe kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu huko chini na kwa mitambo ya Mtera yenyewe ya megawati 80, kwa hiyo maji yanapanda na kushuka, ukienda baada ya masika yako hapa, ukirudi Oktoba yamekimbia huko mbali yameacha tope limepasuka pasuka. Ukingo uliouona mwaka jana usiutegemee.

Sasa viboko. Nikwambie yaliyonipata mwenyewe. Tulienda watu watano, tukafika jioni jioni tukaona kiwanja kizuri kabisa, tambarare, kinateremka taratibu mpaka majini, nyasi fupi zimelingana utadhani kinyozi kapita. Tukashangilia. Hema la kwanza limeshasimama, akapita mzee mmoja na baiskeli, perege wamening'inia kwenye usukani, akasimama akatuangalia weee, mwisho akauliza, "Nyie mmeruhusiwa na nani kulala barabarani?" Barabara ipi mzee? Akatuonyesha kichaka cha pembeni, kimepakwa kinyesi mpaka usawa wa kiuno, maana kiboko akijisaidia anapiga na mkia kinatapakaa chote, na chini kuna nyayo pana kama sahani zenye vidole vinne. Zile nyasi fupi kinyozi wake ndo huyo huyo.

Tukang'oa kila kitu mbio mbio tukahamia juu karibu na kwake. Saa nne usiku tukaanza kuwasikia wanakoroma na kung'oa majani, na sauti inatokea pale pale tulipokuwa tumetandika turubai. Sikulala.

Kiboko mchana yuko majini, jua likizama anatoka kwenda kula, alfajiri anarudi, na njia yake ni ile ile kila siku. Hana haja na wewe, ila akikukuta umekaa kati yake na maji hapo ndo balaa, kwa sababu maji ndo kwao. Kwa hiyo mwambie baba Junior hivi: mfike kabla ya saa kumi jioni mkiwa bado mnaona nyayo, mwende kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe (mtaonyeshwa pa kulala na pa kukwepa, na hiyo ndo ulinzi wenu), hema likae juu, mbali na maji hatua mia mbili hivi au zaidi, karibu na nyumba za watu. Watoto wasiende ukingoni hata mchana, mamba wapo na mamba hakoromi akakushtua. Maji bebeni madumu kutoka nyumbani. Haja ya usiku iwe kwenye ndoo humo humo hemani, najua watacheka, wacha wacheke. Samaki wa kukaanga mtanunua barabarani, hapo hapo mnaipata raha yote ya Mtera na asubuhi mnaamka wote wanne.

SWALI: Mbukwa mkuu. Sisi ni wanachuo wa UDOM, mwezi wa sita tunataka kwenda Singida tulale kwenye mahema karibu na ziwa Singidani. Tumeambiwa kuna baridi balaa, je tukiingiza jiko la mkaa ndani ya hema likishawaka vizuri bila moshi kuna shida?

JIBU: Mbukwa. Msiingize. Hata kidogo, hata zipu ikiwa wazi nusu, hata kama mnasema tunalitoa baada ya dakika kumi, maana mtapitiwa na usingizi kabla ya hizo dakika. Mkaa usiotoa moshi ndo unaodanganya watu, unatoa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, kichwa kinauma kidogo, unahisi uchovu, unalala, basi. Na hata likishafifia bado linatoa.

Baridi ya Singida mnayoisema ni ya upepo zaidi, na nyingine inatoka chini. Watu wanabeba mablanketi matatu ya kujifunika wanalala juu ya turubai tupu, halafu wanalalamika. Geuzeni, blanketi mbili ziende chini. Chemsheni maji hapo nje, mjaze kwenye chupa ngumu, mziingize kwenye soksi, mlale nazo miguuni. Hema likae nyuma ya yale mawe makubwa upande usio na upepo, na kwa kuwa pale ardhi ni mwamba vigingi haviingii, bebeni viroba vitupu mjaze mchanga mfungie kamba. Maji ya ziwa lile ni ya chumvi, ya kuwaangalia flamingo tu, hata chai hayafai.

SWALI: Je kwenye bwawa la Hombolo naweza kuogelea? Naona vijana wanaogelea kila siku.

JIBU: Mi siogelei. Maji baridi yaliyotuama yenye majani ndo makazi ya konokono wa kichocho, na kile kidudu kinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache tu bila wewe kuhisi kitu. Kama ulishaoga nenda kapime, usisubiri uone damu kwenye mkojo, dawa yake prazikwanteli ipo na inatibu. Ukilazimika kuoga na maji ya pale chota, yachemshe, au yaache kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili.

SWALI: Kaka nina Noah, nataka nifunge hema la juu ya gari kama wazungu. Fundi wa kuchomelea kasema anaweza.

JIBU: Fundi atachomelea chochote ukimlipa. Hema lile lenyewe linafika kilo 60 hata kabla hujapanda, na bati la juu la Noah halikutengenezwa kwa ajili hiyo, pia gari likiwa zito juu kwenye kona za Kondoa utanikumbuka. Kunja siti za nyuma, ingiza godoro la inchi nne, vioo viwili acha wazi vidole vitatu na ubane neti ya mbu. Mi nimelala hivyo miaka yote, tatizo langu ni miguu tu, maana ni mrefu.