Pengo la "as blind as a ___" linajazwaje?

Jibu ni "bat". Ndiyo, popo anaona, lakini mtihani wa Kiingereza haupimi elimu ya wanyama, unapima msemo uliozoeleka kwa Waingereza. Ndiyo maana kwenye "as cunning as a ___" (mjanja kama...) andika "fox", yaani mbweha. Sungura wetu wa hadithi hapati alama hapo.

Kabla ya kujaza, tazama neno lililotangulia pengo. "As strong as an ___" inataka "ox", kwa sababu "an" haikai na "horse", ingawa "as strong as a horse" nayo ni sahihi. Visivyohesabika havibebi "a": "as white as snow", "as cold as ice".

Na kivumishi kati ya "as" mbili hakiongezwi kitu. "As braver as a lion" ni kosa. Ni "as brave as a lion".