Maswali na majibu: Shule za vipaji maalumu tuzipimeje?

Tangu TAMISEMI watoe majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, meseji zenu nyingi zinahusu shule za vipaji maalumu. Nimechukua tano, na nimewaficha majina walioomba.

Shikamoo mwalimu. Msalato kila mwaka ni wani (daraja la kwanza) kwa kwenda mbele. Hiyo si inatosha kuonyesha kwamba mpango huu unafanya kazi? (Mzazi, Area C)

Marahaba. Haitoshi, baba. Msalato, Kilakala, Mzumbe, Kibaha, Ilboru na zile za Tabora zinapokea watoto waliong'ara kwenye mtihani wa darasa la saba. Mtoto aliyepata alama 280 kati ya 300 ana uwezekano mkubwa wa kufaulu hata akibaki shule ya kata. Kwa hiyo zile wani zinatuambia kwanza nani aliingia. Shule yenyewe imeongeza nini, bado hatujajua. Ndiyo maana Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, mimi nilifurahi: orodha ile iliziweka kwenye mizani moja shule zinazochagua watoto na zile zinazopokea kila anayekuja.

Njia ya haki ni kumtazama aliyepenya kwa alama moja na aliyekosa kwa alama moja. Uwezo wao ni uleule, kilichowatenganisha ni shule. Kenya walifanya hivyo: Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka 2014 utafiti uliowalinganisha wanafunzi walioingia kwa tabu shule za kitaifa, zilizokuwa zikichagua waliofaulu zaidi, na wale waliozikosa kidogo tu. Alama zao za KCSE, mtihani wao wa kumaliza kidato cha nne, zilikaribiana mno. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulikuta hali kama hiyo Boston na New York.

Tuzifunge basi? Hapana! Mtihani haupimi kila kitu. Binti wa Chemba anayepata bweni, maabara na taa ya kusomea usiku, badala ya kutembea alfajiri porini kwenda shule, amepata kitu hata kama alama zake zingekuwa zilezile. Ila hicho nacho kipimwe. Waliomaliza Msalato miaka kumi iliyopita wako wapi leo, na wenzao waliokosa nafasi kwa alama mbili wako wapi? Serikali inayo majina ya wote, kwa hiyo kazi hiyo inawezekana.

Mwalimu mwenzangu, nina mtoto wa darasa la tatu. Siku za mnada yuko soko la Kibaigwa akimhesabia babu yake magunia ya mahindi. Nilimuuliza magunia 17 kwa shilingi 64,000 ni kiasi gani, akanijibu papo hapo bila kalamu. Lakini kusoma anasuasua, na mtihani wa muhula alikuwa wa 52. Ana kipaji au nimependa tu? (Mwalimu, Kongwa)

Ulimuuliza amefikaje? Hilo ndilo la muhimu kuliko jibu. Akisema, "Nimefanya magunia ishirini, ikawa milioni moja na laki mbili na themanini, nikatoa ya magunia matatu," basi huyo anazivunja namba na kuziunga upya mwenyewe. Hapo hakukariri, na hilo ni la kipaji kabisa. Mtihani wa muhula haukumwona kwa sababu swali la hesabu lazima kwanza ulisome.

Mtu anaweza kuwa mbele sana kwenye jambo moja na nyuma kwenye jingine, na mfumo wetu wa kujumlisha masomo yote unawameza watoto wa namna hii. Katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida, Marekani, hadi mwaka 2005 walitegemea wazazi na walimu kupendekeza majina ya watoto wenye vipaji. Walipoanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili bila kusubiri mapendekezo, idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini waliotambuliwa iliongezeka sana. Watoto hao walikuwapo siku zote, mwalimu.

Msomee maswali kwa sauti umpime tena. Mpe hesabu za darasa la tano. Na kusoma mfundishe kwa bidii ileile, kila siku kidogo, kabla hajamaliza shule ya msingi.

Wanangu wamewekwa kambi, wanasoma mpaka saa nne usiku ili waende vipaji maalumu. Ni sawa? (Mama, Nkuhungu)

Si sawa, mama. Mtoto wa miaka kumi na mbili anahitaji kulala. Kambi inaweza kumwongezea alama chache, lakini kipaji haitengenezi. Kaongee na mwalimu mkuu, na usiende peke yako.

Shule yetu ya msingi ilitenga mkondo A wa vipanga. Mkutano wa wazazi unataka tathmini. Tuanzie wapi? (Mjumbe wa kamati ya shule, Bahi)

Anzeni na madaftari, kabla ya matokeo. Chukueni madaftari matano ya hisabati ya mkondo A na matano ya B, ya wiki moja, myaweke mezani. Kama A wamefanya maswali arobaini ya aina ileile ambayo B wamefanya ishirini, hamna mpango wa vipaji hapo, mna kazi nyingi tu. Mtoto mwepesi anataka swali gumu zaidi, lenye njia zaidi ya moja.

Kisha tazameni nani yumo. Wasichana wangapi? Wanaotoka vitongoji vya mbali wangapi? Halafu aliyeingia A akiwa wa mwisho mlinganisheni na aliyebaki B akiwa wa kwanza, tangu siku walipotenganishwa. Hapo angalieni jambo moja: mtoto anayepata 48 kati ya 50 hana pa kupanda, kwa hiyo wapeni wote mtihani wa darasa la juu yao.

Na ulizeni mwalimu bora wa hisabati anafundisha wapi. Kama yuko A tu, B wanalipia mpango huo.

Shikamoo. Shule ya msingi nilikuwa wa kwanza miaka yote. Huku vipaji nimekuwa wa 71. Nalia usiku, nataka kuhama. (Mwanafunzi, kidato cha kwanza)

Marahaba mwanangu. Hujawa mjinga. Wote uliowakuta walikuwa wa kwanza kwao, na mmoja wenu lazima awe wa 71. Tena umesoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa bailojia na jiografia zote ni Kiingereza, na pembeni yako wapo waliotoka shule za Kiingereza. Hilo pengo hupungua ukilifanyia kazi: andika maneno mapya ya kila somo kwenye daftari dogo, na umwombe mwenzako mmoja akuulize kila jioni.

Usiamue kuhama kabla ya mwisho wa mwaka. Kuhusu kulia, mwambie matroni leo, usisubiri wikiendi. Na karatasi yako ya hesabu nitumie ukifunga shule, tuipitie swali kwa swali.