Pareto Yangu ya Kisumu Haitoi Maua

SWALI: Nilipomtembelea mama mkwe wangu huko Molo, nilivutiwa na maua meupe yenye kitovu cha njano yaliyojaa shambani mwake. Alinipa machipukizi matano yenye mizizi, nami nikayapanda nyuma ya nyumba yangu hapa Kisumu. Yameshika vizuri, na majani yake ya kijivu yamestawi, lakini miezi 14 imepita na sijaona hata tumba moja, ingawa nimetia samadi mara mbili. Je, nimekosea wapi? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada yetu, upandaji wako hauna kasoro, kilichokosekana ni baridi. Mmea uliopewa ni pareto, wa jamii moja na alizeti, na asili yake ni ua la porini katika pwani ya Dalmatia, ambayo sehemu yake kubwa leo imo nchini Kroatia. Huko huota wenyewe kwenye miteremko ya mawe, penye udongo haba usiotuamisha maji, na hupitia majira ya baridi kila mwaka kabla ya kuchanua. Tabia hiyo haukuiacha ulipohama: usipopata majuma kadhaa ya usiku wenye baridi, wa nyuzi 16 za Selsiasi hivi au chini yake, huendelea kuota majani tu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto karibu mwaka mzima, ilhali Molo iko karibu mita 2,500. Samadi haiwezi kuziba pengo hilo. Itazidisha majani, basi.

Jambo linalonifurahisha kila ninapolifikiria ni kwamba ua hili, ambalo kwao Ulaya huchanua kwa msimu mmoja mfupi, lilipoletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 lilikuta nyanda za juu ambako usiku huwa na baridi miezi mingi ya mwaka, likawa linachumwa tena na tena. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya nchi yetu kuwa mzalishaji mkuu wa pareto duniani kwa miaka mingi.

Ushauri wangu ni kwamba uirudishe mimea yako kwa mama mkwe mvua za masika zinapoanza. Ing'oe kwa uangalifu, ugawanye kila kichaka katika vipande vyenye mizizi yake, ukate majani marefu, kisha uvipande juu ya matuta, ukiacha sentimita 30 kati ya mche na mche na sentimita 60 kati ya mistari, bila kufukia kitovu cha mche, kwa maana kikizibwa na udongo wenye maji huoza. Msichague sehemu iliyotoka kuvunwa viazi, kwa kuwa minyoo midogo ya mizizi inayoshambulia viazi huishambulia pareto pia. Mtu anaweza kuanza kwa mbegu kitaluni, lakini ua la pareto huhitaji chavua ya mmea mwingine, hivyo miche ya mbegu hutofautiana na mama yake, ilhali kipande cha kichaka hufanana naye kabisa. Kwa hiyo gawanyeni vichaka vinavyochanua sana, na baada ya miaka mitatu hivi, mavuno yanapofifia, mpande vipya mahali pengine.

SWALI: Maua yangu ya pareto hugeuka rangi ya kahawia kabla sijayafikisha sokoni. Tatizo ni nini? – Mkulima, Mau Narok

JIBU: Bila shaka unayafungia mabichi katika mfuko wa nailoni, au unayachuma yangali na umande. Maua mabichi yaliyoshindiliwa hupata joto na kuchacha, na dawa ya kuua wadudu iliyomo huharibika. Chuma wakati petali zimelala mlalo kabisa na kitovu kimeanza kufunguka kutoka ukingoni, tumia kikapu kinachopitisha hewa, na uyaanike siku hiyo hiyo kwa tabaka jembamba juu ya wavu ulioinuliwa. Yakisagika kati ya vidole, yamekauka; yahifadhi gizani, kwa kuwa mwanga huidhoofisha dawa hiyo. Sehemu kubwa yake imo katika mbegu changa zilizo kitovuni, kwa hiyo usihuzunike sana petali zikipukutika. Unga wake huua kunguni na viroboto, lakini ni sumu kali kwa nyuki na samaki, na kwa sababu hiyo vyombo ulivyousagia visioshwe mtoni wala karibu na bwawa la samaki.