Ruzuku ya kuchora ukuta wa mtaani, ukuta kwanza picha baadae

Mkuu umesema umeona tangazo la ruzuku ya sanaa za nje za jamii, mnataka kuchora ukuta wa shule hapo mtaani kwenu, zimebaki wiki tatu maombi yafungwe na hujui uanze na andiko la maombi au mchoro. Mi nimefanya mbili hapa Dar, moja ilikufa vibaya na nyingine ipo mpaka leo, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta. Mchoro uache kwanza. Kajue ukuta ni wa nani.

Ile ya kwanza tulipata milioni 6, ukuta wa nyumba pembeni ya barabara, mwenye nyumba tukakaa nae tukanywa chai akasema chorani tu wanangu mnanipendezeshea. Karatasi hamna. Tukachora siku kumi na moja, tukazindua na ngoma, picha zikapigwa, mfadhili roho kwatu. Baada ya miezi 8 napita na bodaboda naona ukuta mzima rangi moja, kampuni moja ya simu wamekuja wamempakia mzee nyumba bure na nembo yao juu. Namuuliza ananiambia "mwanangu, wale wamepaka mpaka nyuma." Sasa utamlaumu vipi, sisi tulipaka upande mmoja!

Kwenu ni shule ya serikali, mwalimu mkuu akikubali bado haijaisha maana majengo ni ya halmashauri, utatakiwa barua ya ofisi ya mkurugenzi, na barua ile haitoki kwa siku mbili. Anza na serikali ya mtaa upate barua yenye mhuri, uende kwa mtendaji wa kata, ndo upande juu. Kama ukuta umeingia hifadhi ya barabara ulizia TARURA au TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, kabla hujanunua hata brashi. Na mfadhili akitaka nembo yake iwe kubwa kataa kistaarabu, maana ikishakuwa kubwa mtu wa ushuru anaona bango la biashara, haoni sanaa. Usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama hamna anzeni leo, wanaotoa ruzuku wengi wanauliza cheti.

Pili, huo ukuta uguse. Yaani pitisha kiganja, kikitoka na unga mweupe hiyo ni chumvi, na huku pwani watu wanafyatua matofali kwa mchanga wa ajabu ajabu, basi chumvi inasukuma rangi kutoka ndani mpaka inabanduka kama ngozi ya mjusi. Plasta mpya iache kama wiki nne ikauke. Fundi akikwambia anapiga skimu ya jipsam, ile tabaka nyembamba ya kulainisha, nje ili ukuta uwe laini mkatalie, jipsam ni ya ndani, mvua ya masika moja tu inaanza kuvimba. Na vijana wengi wanapenda rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa kama picha za tingatinga, sawa, mzee Tingatinga aliyeanzisha mtindo huo alitumia rangi za namna hiyo lakini alikuwa anachora kwenye vibao, kibao hakivuti maji toka ardhini. Ukuta wenye unyevu ukiupaka mafuta maji yanakosa pa kutokea, yanatoka na picha yako. Tumia praima ya ukuta na rangi ya maji ya nje, basi.

Bajeti ndo wengi wanaanguka. Wanaandika rangi, brashi, msanii, wanasahau kupiga plasta upya, miti ya jukwaa, maji, chakula cha watu, mlinzi wa usiku, na hela ya kurudia rangi mwaka unaofuata. Kwenye ile ya pili rangi haikufika hata robo ya hela yote. Halafu kuna risiti, mfadhili anataka za EFD, zile za mashine ya kodi, na mama ntilie aliyewalisha siku tisa hana mashine, kwa hiyo kabla hujasaini muulize kama anakubali fomu ya malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu. Kodi ya zuio nayo, ile unayokata kabla ya kumlipa mtu, asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, msanii uliyemwahidi 1,200,000 anapokea 1,140,000 na anadhani umemla elfu sitini. Mwambie mapema.

Hela inapatikana wapi, Nafasi Art Space pale Mikocheni fuatilia matangazo yao, vituo vya utamaduni vya balozi pia. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unajulikana zaidi kwa mikopo, na ukuta wa shule hauuzi kitu, utarejesha na nini?

Neno "jamii" kwenye tangazo usilichukulie poa. Kikao cha ule ukuta wetu wa pili kilikuwa mtaa wa wavuvi upande wa Kunduchi, tukabandika rasimu kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Wiki nzima watu wanapita kimya, mi nikajua wamependa. Siku ya kikao mzee mmoja akasimama akaweka kidole kwenye ngalawa yetu, tulichora boriti na ubao wa kuelea upande mmoja tu, akasema "hii inazama kabla ya kisiwa cha Mbudya." Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akashindwa kuendelea. Tukamwomba atuchoree yeye, akachukua chaki akaichora sakafuni, pande zote mbili, tanga linavyokaa, kamba inapofungwa. Tukaihamishia ukutani kama alivyoichora, na kikaratasi cha muhtasari wa kikao hicho kikaenda kwenye ripoti, mfadhili alikipenda kuliko picha za uzinduzi.

Mkataba wa huo ukuta unasema miaka mitano, tumesaini sisi, mwenye ukuta na mtaa. Makopo mawili ya lita 4, bluu na nyeupe, tuliyaacha kwa yule mzee. Asubuhi akitoka baharini anabandua vikaratasi vya waganga na madalali wa vyumba kwa kisu cha samaki, wakibandika juu ya ngalawa yake anawapigia namba iliyoandikwa hapo hapo anawatukana.

Ukimaliza rasimu ya bajeti itupie hapa niipitie, ila barua ya mtaa kafuate kesho asubuhi.