Maoni ya mtu kama mimi yatasomwa kweli?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Marekani na mwanangu wa miaka saba mwenye usonji. Idara ya elimu ya jimbo letu imetoa rasimu ya kanuni mpya za elimu maalumu. Wanataka kufuta malengo ya muda mfupi kwenye mpango wa elimu wa kila mtoto, ule IEP, na siku 60 za kumtathmini mtoto kama anahitaji elimu maalumu zihesabiwe kwa siku za shule badala ya kalenda. Zimebaki wiki tatu za kutoa maoni. Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nikiandika, watasoma?
Mama wa mtoto wa darasa la pili

JIBU: Marahaba mwanangu. Andika. Sheria ya taifa ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, hairuhusu jimbo kupitisha kanuni hizi kimyakimya. Lazima litangaze, liitishe vikao vya hadhara na lipokee maoni, na wazazi wa watoto wenye ulemavu wametajwa waziwazi. Kule Texas, serikali ya jimbo ilikuwa imeweka kigezo kilichozisukuma shule zisizidishe asilimia 8.5 ya wanafunzi kwenye elimu maalumu. Maafisa wa taifa walikwenda kuwasikiliza wazazi mwishoni mwa 2016, na Januari 2018 wizara ya elimu ya taifa ikatamka kwamba Texas imevunja sheria. Wazazi walisikika.

Ila kwanza ujue unapigania nini. IDEA ni kiwango cha chini: jimbo linaweza kumpa mtoto zaidi, haliwezi kumpa pungufu. Mwaka 2004 malengo ya muda mfupi yaliondolewa kwenye kiwango hicho, yakabaki kwa wanaofanya mitihani mbadala tu, ile ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili. Na tathmini imepewa siku 60 tangu mzazi atoe kibali, au muda ambao jimbo litajiwekea. Kwa hiyo ukiandika "mnavunja sheria", watakujibu kwa mstari mmoja kwamba hawavunji. Waeleze kanuni hiyo itamfanya nini mtoto.

Kijana wangu alikuwa na lengo la kuvaa koti mwenyewe. Chini yake paliandikwa hatua tatu, ndiyo hayo malengo ya muda mfupi: kuingiza mikono bila msaada, kupachika ncha ya zipu huku mwalimu amemshikia upindo, kisha kuipandisha peke yake. Ripoti ya Desemba ikasema hatua ya kwanza ameimaliza, ya pili haijasogea. Basi nikajua pa kuanzia. Kila jioni tuliketi kwenye zulia, mimi nimeshika upindo, yeye anaisukuma ile ncha, ulimi umemtoka pembeni kwa juhudi. Mwaka uliofuata hatua zikaondolewa, likabaki lengo tupu. Ripoti ikasema "anaendelea". Anaendelea wapi? Neno hilo halikunipa hata kitu kimoja cha kufanya naye jioni ile.

Wewe nawe una zipu yako. Iandike hiyo.

Hesabu ya siku wafanyie mwenyewe. Siku 60 za kalenda hazifiki wiki tisa. Siku 60 za shule ni wiki 12, hapo hujahesabu likizo hata moja. Mzazi akitoa kibali mwishoni mwa Aprili, kiangazi chote kitapita, na mtoto ataingia darasa jipya hajatathminiwa.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja namba ya kifungu, nukuu maneno yanayofutwa, halafu andika maneno unayotaka yawekwe. Hapo ndipo wazazi wengi tunapoteleza. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za uchungu bila kifungu hata kimoja, na afisa aliyeisoma hakuwa na la kubadilisha. Ya pili ilikuwa na sentensi kamili ya kuingizwa kwenye kanuni.

Kiingereza kisikutishe. Andika kwa Kiswahili kwanza, mpe unayemwamini akutafsirie, na umwombe asirembeshe. Ukitaka kusema kwenye kikao cha hadhara, omba mkalimani mapema na kwa maandishi. Jina kamili la mtoto na la shule yake usiyaweke, maana maoni hayo yanaweza kusomwa na yeyote.

Ukikwama kwenye sentensi ya kupendekeza, nitumie kifungu chenyewe wiki hii, tuitunge pamoja.